Dakika Saba za Mheshimiwa

Ta, ta, ta.

Ni kijiko ukutani. Bado giza, majogoo wa mtaa wetu wa Kamenu hawajaanza, na jirani yangu Perez ananiamsha nile daku.

Perez si Mwislamu. Ni mtu wa Siaya, ana kanisa lake la Jumapili, na Ramadhani haimhusu kwa lolote. Lakini tangu mume wangu Yahya afariki, kila mwezi wa kufunga Perez huamka kabla ya alfajiri, hugonga ukuta wa mbao unaotutenganisha mara tatu, kisha hurudi kulala. Hajawahi kunikumbusha kwamba ananifanyia wema. Nadhani hata yeye hajui kwamba ni wema.

Asubuhi ile nilimgongea kumjibu, kama kawaida yetu. Halafu nikakaa na uji wangu, na uji ukakataa kupita.

Uliyenisoma wiki jana unadhani unajua kwa nini. Wewe uliyepitwa, kaa hapa nikueleze haraka.

Ilikuwa Januari ya mwaka wa tisini na saba. Uchaguzi ulikuwa unanukia. Wengine walisema utaitwa Juni, wengine Desemba, wengine walisema mwaka huo hakuna. Bwana Rugendo wa Mugutha, anayeuza chakula cha ng'ombe pale Ruiru, hakutaka umkute hajajiandaa. Ubunge alikuwa hajaupata, ila alikwisha kupenda kuitwa Mheshimiwa, na sisi tukamwita.

Alizitaka kura za Waislamu wa Thika. Akachapisha karatasi ya saa za kufunga na kufuturu, nakala elfu mbili, picha yake juu akicheka. Aliyeipiga chapa ni karani wake, Bridget, bintiye Perez. Kisha akatualika futari uwanjani, hapa hapa Kamenu.

Msikiti wetu uko mjini. Upepo ukigeuka, adhana hatuisikii. Siku hiyo upepo ulikuwa umegeuka na mawingu yametanda. Mheshimiwa akasimama mbele yetu, kanzu ya kuazima imemkomea magotini, karatasi mkono huu, saa mkono ule. Akasema, "Wakati umefika. Kuleni, watu wangu."

Watu mia mbili wakala.

Kisha wingu likapasuka. Jua likatoka, zima, jekundu, likammulika kipara. Mpiga picha wake mwenyewe akapiga picha, na watu wakahesabu dakika saba mpaka lizame.

Hapo ndipo nilipowaacha wiki jana, mkicheka. Hata mimi nilicheka nilipokuwa nikiandika. Lakini sikuwaambia kila kitu.

Saa zile ni mimi niliyezitoa.

Dada yangu Ruqayya yuko Mombasa. Kila Ramadhani hunitumia karatasi ya saa za kufunga kutoka duka analonunulia nguo. Bridget alipoambiwa atafute saa hizo alikuja kwangu mbio, akaniita bibi kama kawaida yake, akasema, "Shosho, nipee ile yako. Lakini ukate hapo juu, Mheshimiwa hataki jina la duka la mtu." Nikachukua makasi nikakata. Jina la duka likaenda, na jina la Mombasa likaenda nalo.

Basi mwezi ule jua la Mombasa huzama kabla ya letu, kwa dakika saba hivi. Marehemu Yahya alilijua hilo. Kila mwaka karatasi ya Ruqayya ikifika, alikaa mezani na kalamu nyekundu akaongeza dakika, mstari kwa mstari, mpaka mwezi uishe. Yahya hayupo, na mwaka huo hakuna aliyeongeza.

Mngesema nilisahau, na mimi ningependa mseme hivyo. Lakini nilikumbuka. Nilikumbuka siku ya pili ya mfungo, karatasi zikiwa zimekwisha kugawanywa, na nikanyamaza kwa haya. Nilijiambia watu watafuata adhana. Nilifurahi pia, nisiwafiche, kwamba Mheshimiwa mzima ametumia karatasi ya mimi Saida, Mama Farouk wa Kamenu.

Na uwanjani, wale mia mbili walipotia tende kinywani, yangu ilikuwa bado mkononi. Mama mmoja akaniuliza, "Huli?" Nikamwambia meno yananiuma.

Ndiyo maana uji haukupita.

Kulipokucha nikamkuta Bridget bombani anafua. Ilikuwa Alhamisi, siku ya kazi.

"Leo huendi Ruiru?"

"Niliambiwa nikae nyumbani, Shosho. Hii ni siku ya tatu. Kesho wananipea barua."

"Barua gani?"

"Ya kunifuta, ni gani ingine? Mji mzima unamwita Mheshimiwa Dakika Saba. Lazima mtu aende."

Mshahara wa Bridget ndio uliokuwa ukimsomesha mdogo wake, Mitchell, kidato cha pili. Perez huuza omena, dagaa wa ziwani, na omena haijawahi kusomesha mtu mpaka mwisho.

"Walipokuuliza saa umezitoa wapi, ulisema nini?"

"Nilisema nilizitafuta mwenyewe."

"Kwa nini hukunitaja?"

Akakamua shati, akalikung'uta. "Nikutaje nipate nini? Wakucheke sokoni na miaka yako yote? Wewe hukujua, Shosho. Mimi ni kijana, nitapata kazi ingine."

Wewe hukujua. Maneno hayo mawili yalinichoma kuliko matusi.

Nikaingia ndani, nikafungua sanduku, nikatoa kile kipande nilichokikata na makasi. Sijui kwa nini nilikuwa nimekihifadhi. Nikakifunga kwenye pindo la leso, nikaenda Ruiru, na kutoka Ruiru nikashika njia ya Mugutha kwa miguu.

Nyumbani kwa Mheshimiwa kulikuwa na benchi nje ya lango na watu wamejipanga. Kijana nadhifu mwenye daftari alikuwa akiwapanga. Huyo ni Musau, mtu aliyeajiriwa kumfanya Mheshimiwa apendwe. Ile kanzu ilikuwa wazo lake.

"Mama, shida yako ni ya karo, ya hospitali, ama ya mazishi?" akaniuliza, kalamu tayari.

"Ni ya jua."

Kalamu ikasimama. Akanitazama, akatazama leso yangu, akafunga daftari. "Ingia ndani," akasema kwa sauti ya chini.

Mheshimiwa Rugendo alikuwa sebuleni, kikombe mkononi, viatu havimo miguuni. Bila kanzu na bila jukwaa alikuwa mtu wa kawaida kabisa, mwenye soksi zisizofanana. Kando yake alikaa mama yake mzazi, Wakonyo, mwembamba, kitambaa cheupe kichwani.

"Mama ameketi bila chai," Wakonyo akasema. "Mpeni chai."

"Asante mama, nimefunga."

"Ũũi." Akainuka. Akachukua chupa ya chai mezani, akamnyang'anya mwanawe kikombe, akamnyang'anya Musau mkate, akapeleka vyote jikoni. "Mgeni akiwa hali, hapa hali mtu."

"Mami, nilikuwa bado natafuna," Mheshimiwa akasema.

"Meza, halafu uwache."

Nikawaeleza. Nilieleza yote, kuanzia makasi mpaka meno yasiyoniuma. Mwishoni nikafungua pindo, nikakiweka kile kipande mezani. Kilikuwa na jina la duka, na chini yake, kwa herufi kubwa, Mombasa.

Mheshimiwa akakiinua, akakisoma.

"Kwa hivyo jua la Mombasa linazama mbele ya letu?"

"Mwezi huu, kwa dakika saba hivi."

"Mimi nilifikiria jua ni moja."

"Ni moja. Ila haliagi watu wote pamoja."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Badala yake Musau alipiga makofi.

"Mheshimiwa, hii ni bahati. Kesho watu wakitoka kusali Ijumaa tunamweka mama juu ya pikapu. Tunaita mpiga picha. Mama anaonyesha hii karatasi, anasema ni yeye. Imekwisha. Makosa ni yao wenyewe, wewe uko safi."

Mheshimiwa akanigeukia. "Utasema?"

Nilimwona Bridget akikung'uta lile shati.

"Nitasema. Lakini Bridget arudi kazini kwanza."

"Atarudi."

"Basi nitasimama."

Nilidhani mambo yameisha. Nilikwisha kuanza kufikiria nitavaa nini.

"Rugendo," akasema Wakonyo.

Tangu niingie alikuwa akimchanganyia mwanawe Kikikuyu na Kiswahili. Hili alilisema kwa Kiswahili kitupu, nadhani ili nami nilisikie.

"Pale uwanjani ulikuwa na macho?"

"Nilikuwa nayo, mami."

"Uliangalia juu?"

"Niliangalia saa."

"Watu mia mbili wako njaa tangu usiku, wewe unaangalia saa. Huyu mama alikata karatasi, na akanyamaza, na ni mbaya. Amekuja kwa miguu kukwambia. Wewe ulienda kumwambia nani?"

Mheshimiwa akavuta soksi zake chini ya kiti.

"Ukimpandisha mama wa watu kwa gari ndio wewe uonekane msafi, kura yangu usiitegemee."

"Mami, hiyo ni kura moja tu."

"Uliza wale wamama wa kwaya kama ni moja."

Musau akaanza kusema neno, Wakonyo akamwangalia, akaliacha.

Mheshimiwa akajikuna kipara, pale pale jua lilipommulika. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea kutoka kwa mtu wa siasa.

"Nyinyi mliokula mapema, sasa mnafanya nini?"

"Wale wenzangu watalipa siku moja, baada ya Idi."

"Hata mimi nilikula tende."

"Wewe hukuwa umefunga, Mheshimiwa."

"Ndiyo hiyo." Akatazama kule jikoni kikombe chake kilikoenda. "Niliwaambia watu wale, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeshiba. Kesho nafunga. Jioni nitakuja kwako nifuturu. Na barua ya Bridget ya kumrudisha kazini nitamletea kwa mkono wangu."

"Mpiga picha nimwambie saa ngapi?" Musau akauliza.

"Usimwambie."

"Sasa, Mheshimiwa, utafunga ukionwa na nani?"

Nilimhurumia. Aliuliza kwa moyo safi kabisa.

Wakonyo alinisindikiza mpaka langoni. Akanitia mkononi nduma za kuchemsha zimefungwa kwa gazeti, bado za moto. "Za jioni. Usijisahau ukazila njiani." Kisha akaniinamia sikioni. "Huyo hajakosa chai ya saa nne tangu aache kunyonya. Mwombee."

Nilirudi Kamenu nikiwa mwepesi. Nilidhani sehemu ngumu nimeiacha Mugutha.

Perez alikuwa mlangoni kwake na ungo wa omena anachambua. Nikaketi kwenye kile kigoda changu, maana kwa Perez nina kigoda changu, nikamwambia. Kwanza nilimwambia habari njema, kwamba Bridget anarudi kazini. Akacheka, akasema kwa Kiluo maneno ya kumshukuru Mungu. Kisha nikamwambia ile nyingine.

Vidole vyake vikaacha kuchambua.

"Ulikumbuka lini, Mama Farouk?"

"Siku ya pili."

"Kabla ya futari ya uwanjani."

"Kabla."

"Mtoto wangu amekaa nyumbani siku tatu. Hizo asubuhi tatu zote mimi nimekugongea."

"Umenigongea."

"Na wewe ukagonga, ta ta ta, ukanijibu."

"Nilijibu, Mama Bridget."

Nilitamani anitukane. Perez anajua kutukana, nimemsikia na wanunuzi. Lakini aliinua ungo wake akaingia ndani, akafunga mlango polepole, kama mtu anayefungia chumba chenye mtoto aliyelala.

Ijumaa alfajiri kijiko hakikugonga.

Niliamka jua likiwa dirishani. Daku imenipita. Sikuwa na haki ya kulalamika, kwa hiyo nilifunga hivyo hivyo na tumbo tupu, na saa za siku ile zilikuwa ndefu kama juma zima.

Saa kumi na moja jioni gari likasimama nje. Mheshimiwa akashuka peke yake, midomo mikavu, shati la kawaida, bahasha mkononi. Alikuwa akitembea taratibu sana, kama aliyebeba mayai.

"Mama, bado muda gani?"

"Iweke hiyo saa mfukoni."

Akaiweka. "Saa nne ndiyo ilikuwa mbaya," akasema. "Baada ya hapo ikawa mbaya tu kila saa. Na nyinyi mnafanya hivi mwezi mzima?"

"Mwezi mzima."

"Na mlikuwa mmefika karibu hivi, na mimi nikawaharibia."

Nilimwona ameelewa mwenyewe.

Akaenda kumpelekea Bridget barua. Nilimfuata nyuma, mbali kidogo. Perez akafungua mlango nusu, akamtazama kuanzia kipara mpaka viatu.

"Jioni njema, mama. Nimekuja kumwona Bridget. Nimemletea barua yake ya kurudi kazini."

"Bridget hayuko. Ameitwa."

"Na nani?"

"Yule mwenzako mnayeshindana. Ametuma gari mchana. Amesema karani aliyefukuzwa na Mheshimiwa Dakika Saba ana mengi ya kusimulia, na yeye ana kiti na mshahara."

Bahasha ikashuka. "Na amekubali?"

"Ameenda kusikiliza. Ulimwekea siku tatu za kukaa nyumbani na masikio yake. Sasa anayatumia."

Mlango ukafungwa. Macho ya Perez yalikuwa yamenipita kana kwamba mimi ni nguzo ya kamba ya nguo.

Tukarudi kwangu, tukaketi nje juu ya viti viwili, sahani ya tende na nduma za Wakonyo katikati yetu, uso tumeelekeza magharibi. Mzee wa kura na mimi, wote tumeharibu.

"Siku ile niliwahi," Mheshimiwa akasema. "Leo nimechelewa."

"Bridget bado hajaisaini kazi ya huyo mwingine."

"Unajua hivyo?"

"Sijui. Ninatumaini."

Jua likashuka nyuma ya mikaratusi. Halikuwa na haraka. Jirani mmoja akapita na mtungi, akamtambua, akasema, "Mheshimiwa, zimebaki saba?" Rugendo akacheka, kicheko cha mtu asiye na nguvu. "Safari hii nangoja zote," akamjibu. Yule mtu akacheka naye, na hakikuwa kicheko cha kumdharau.

Adhana ikaja na upepo, nyembamba, kutoka mjini. Nikamsogezea sahani.

Hakuichukua. Alisimama, akaenda mpaka kwenye kona ya nyumba ambapo miti haizuii, akaangalia magharibi kwa macho yake. Akarudi.

"Limezama," akaniambia, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa na shaka.

Akachukua tende, akaitia kinywani, akafumba macho. Akaitafuna muda mrefu kuliko tende inavyohitaji. Ningekuwa na kamera, hiyo ndiyo picha ya kuomba nayo kura.

Tukahamia ndani kwa sababu ya mbu. Alikuwa kwenye nduma ya pili, bahasha iko gotini, niliposikia.

Ta, ta, ta.

Nilidhani ni masikio yangu, kwa njaa. Mheshimiwa naye akaacha kutafuna.

"Mama Farouk," ikasema sauti ya Perez nyuma ya mbao.

"Naam, Mama Bridget."

"Huyo mtu wako amekula?"

"Anakula."

"Alingoja jua?"

"Alingoja. Alienda kulitazama mwenyewe."

Nilisikia mlio wa kijiko kikizungushwa ndani ya sufuria, kikasimama.

"Bridget ametuma ujumbe. Analala kwa shangazi yake Ruiru, anafikiria. Majibu atakuja nayo kesho, lakini hajasema ni ya nani."

Mheshimiwa akaishika bahasha yake kwa mikono miwili.

"Mwambie arudi kesho jioni," Perez akasema. "Aje na hiyo barua, ajieleze mbele ya mtoto. Na yule wake wa daftari amwache nyumbani."

"Nitamwambia."

"Anasikia, hizi ni mbao."

"Nimesikia, mama," Mheshimiwa akasema kwa upole, nduma shavuni.

Nikangoja. Nilijua hajamaliza, kwa maana kijiko kilikuwa bado hakijaanza tena kuzunguka.

"Na wewe uje naye," Perez akasema. "Tangu jana kigoda chako kiko tu hapa mlangoni, nakigonga na mguu nikipita. Uje, Mama Farouk."